Shamba la matunda ya zamani limepata uongozi mpya: tubaki, tujisajili au tuhamishe vikonyo?

Ukipanda gari la Tukuyu pale Uyole, ukaipita Isongole na viazi vyake vilivyopangwa kwenye ndoo kando ya lami, kabla hujaanza kuteremkia Kiwira kuna shamba ambalo abiria wengi hulidhania kichaka. Ukiingia ndani ndipo unaiona mistari. Kuna matufaa, ambayo sokoni tunayaita maepo. Kuna mapeasi magumu ya kupika, plamsi nyekundu na za njano, mafyulisi, na upande wa bondeni kuna miparachichi minene ambayo mtu mzima akiikumbatia mikono haikutani.

Miti hii haikupandwa na mtu mmoja. Misheni ya Wamoraviani ilifunguliwa Rungwe mwaka 1891, na tangu enzi hizo wengi waliofika nyanda hizi na kupenda baridi yake waliagiza miche ya kwao wakaijaribu. Mingine ilikufa. Iliyobaki ndiyo tuliyoikuta. Kwa miaka 9 sasa tumekuwa tukiitunza sisi, watu 19 tusiolipwa na mtu: walimu wastaafu, wakulima wa viazi, mama wawili wa kwaya, na kijana wa bodaboda ambaye mkono wake kwenye kubebesha (kuunganisha miche) unawashinda wote. Hatuna jina rasmi. Majirani wanatuita "wale wa Jumamosi".

Mwaka huu bwana shamba aliyetufungulia geti miaka yote hiyo amestaafu. Uongozi mpya wa taasisi yenye shamba ulituita, ukatukaribisha chai kwa heshima, kisha ukatueleza kwamba sehemu kubwa ya eneo itapandwa parachichi za aina ya Hass kwa ajili ya soko la nje. Tukaambiwa tulete kwa maandishi tunachokitaka kabla ya mvua za Novemba.

Tangu siku hiyo kikundi kimegawanyika katika mawazo matatu. Wapo wanaosema tubaki kama tulivyo chini ya mwenye shamba, ila safari hii kwa mkataba wa maandishi. Wapo wanaosema tujisajili, tuwe na katiba na akaunti, tuzungumze na taasisi kama wenzao. Na wapo, hasa vijana, wanaosema tuchukue vikonyo, yaani vijiti vya miti ile, tukabebeshe majumbani kwetu, shamba lenyewe liende linakokwenda. Nimekaa na hoja za pande zote. Naziandika hapa kwa ajili ya wenzangu, na kwa kikundi kingine chochote, Njombe, Makete au Mufindi, ambacho kesho kitaitwa kwenye chai ya namna hiyo.

Kwanza, tunalinda nini hasa?

Bila kulijibu swali hili ulinganisho wote unayumba. Mbegu ya tufaa haizai tufaa la mama yake. Ukila epo tamu ukapanda kokwa zake kumi, utapata miti kumi tofauti, na huenda hata mmoja usiwe na tunda la kufaa. Parachichi nayo ni hivyo hivyo. Ndiyo maana aina hutunzwa kwa kubebesha: kijiti cha mti unaoutaka juu ya shina la mche mwingine. Kila mti wa Hass duniani, ukiwemo ule utakaopandwa kwenye shamba letu, unatoka kwenye mti mmoja ambao mfanyakazi wa posta, Rudolph Hass, aliupanda California mwaka 1926. Mti mama ule uliugua mizizi, ukakatwa mwaka 2002. Ulikufa, lakini aina haikufa, kwa sababu vikonyo vyake vilikuwa vimesambaa kwa watu.

Wala tusidhani benki ya mbegu itatuokoa. Taifa lina kituo chake cha kuhifadhi nasaba za mimea huko Arusha, na kwa mahindi, mtama na maharage hiyo ni kinga nzuri. Lakini mbegu ya parachichi ukiikausha na kuigandisha inakufa, na mbegu ya tufaa hata ikiishi haihifadhi aina. Matunda ya miti huhifadhiwa yakiwa miti, ardhini, na mtu wa kuipogoa.

Kwa hiyo mbele yetu kuna vitu vitatu vinavyoonekana kama kimoja: ardhi, mti, na aina pamoja na jina lake. Ardhi hatuna, haijawahi kuwa yetu. Mti una umri wake. Aina na jina ndivyo vinavyoweza kuishi kutuzidi sisi sote, na ndivyo vinavyopotea kimya kimya bila mtu kusikia hata mlio wa shoka.

Njia ya kwanza: kubaki, kwa mkataba

Faida yake mnaijua. Miti imeshashika mizizi, imezoea ukungu na baridi ya Juni. Hakuna gharama mpya. Wageni wanaweza kuiona yote mahali pamoja, na watoto wa shule wakaonja aina tano za plamsi kwa asubuhi moja, jambo ambalo miti ikitawanywa haliwezekani tena.

Hatari yake nayo mnaijua, kwa sababu tuliionja. Mwaka juzi vibarua waliletwa kusafisha mpaka. Hakuna aliyewaambia kitu, nao hawakuwa na nia mbaya. Walikata peasi la mwisho wa mstari wa tatu, mti uliokuwa na kibati cha jina kilichopigiliwa zamani sana. Nilifika Jumamosi nikakuta kisiki kinatoa maji. Gome lilikuwa limekimeza kile kibati karibu chote. Tulikichonga kwa kisu, kikatoka kimekunjika kama jani la chai, na kilichosomeka ni herufi nne tu za mwisho. Mpaka leo hatujui lile peasi liliitwa nani. Aliyetia sahihi ya kazi ile alikuwa na haki zote, maana shamba ni lao. Sisi tulikuwa na mazoea tu, na aliyeyajua mazoea hayo alikuwa likizo.

Ndiyo sababu sikubali "kubaki kama tulivyo". Kubaki kwa mkataba ni jambo lingine. Barua iseme miti ipi haikatwi, kwa namba na kwa ramani. Iseme kwamba mti ukilazimika kuondoka tunapewa taarifa miezi kadhaa kabla, ili msimu wa kukata vikonyo utukute. Iseme tuna ruhusa ya kuchukua vikonyo kila mwaka, na kwamba ahadi hiyo inaifunga taasisi, si meneja aliyepo leo. Kama lolote katika haya likikataliwa, ni hilo la vikonyo ambalo tusilegeze.

Na tuna hoja ya kuwapa, si ombi tupu. Maua ya parachichi hufunguka kwa zamu: Hass ni kundi A, na jike lake huwa tayari asubuhi, na aina nyingine, Fuerte, ni kundi B, na dume lake humwaga chavua wakati huo huo. Mkulima wa Hass mwenye akili hutafuta Fuerte kadhaa za kuchanganya, na mizinga ya nyuki. Miparachichi mitatu ile ya bondeni, kwa umbo la tunda na kwa kuchanua kwake, tunaamini ni Fuerte. Wao wanaihitaji kuliko wanavyofikiri. Mtaalamu wa TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, aitwe aithibitishe kabla mtu hajaleta msumeno.

Njia ya pili: kujisajili

Hapa wengi hutamka "tujisajili" kana kwamba ni mlango mmoja, kumbe ni milango minne.

Wa karibu kabisa ni kikundi cha kijamii, kinachotambuliwa na halmashauri kupitia afisa maendeleo ya jamii. Mnahitaji katiba fupi, muhtasari wa kikao, orodha ya wanachama na barua ya serikali ya kijiji au mtaa. Mkishatambuliwa mnaweza kufungua akaunti ya kikundi benki. Kwa watu 19 wanaokutana Jumamosi moja kwa mwezi, huu ni mzigo unaobebeka.

Shirika lisilo la kiserikali, chini ya sheria ya mwaka 2002, lina heshima zaidi mezani na linaweza kuomba ruzuku. Lakini linadai taarifa za kila mwaka, hesabu na ada, na mtu wa kuyafuatilia hayo mwaka mzima. Nimeviona vikundi viwili vya watu wazuri vikifia hapo. Aliyejua kuandika taarifa alihamia Dodoma, na waliobaki walijua kupogoa tu. Bodi ya wadhamini, inayosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, ina maana kama mna mali ya kudumu ya kushika, hasa ardhi. Sisi hatuna. Ushirika ni wa kufanya biashara na kugawana ziada, na kama lengo letu lingekuwa kuuza miche ningeufikiria kwa uzito. Hata hivyo anayetaka kuuza miche, awe na umbo lolote, aanzie TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, maana mche wa kuuzwa una ukaguzi wake.

Kinachopatikana kwa kujisajili ni sauti. Barua yenye mhuri inajibiwa. Kikundi chenye katiba hakifi mwenyekiti akifa. Kisichopatikana, na hapa nawasihi wenzangu tusidanganyane, ni mti hata mmoja. Cheti hakizuii msumeno. Aliye na hati ya ardhi ndiye mwenye neno la mwisho juu ya kilichosimama juu yake, isipokuwa amejifunga kwa maandishi. Ukiwa na cheti bila mkataba, una mhuri mzuri na geti lililofungwa.

Njia ya tatu: kuhamisha vikonyo

Hii ndiyo iliyonifanya nibadili mawazo, kwa hiyo nitakaa nayo zaidi.

Nilikuwa nikiiona kama kukimbia. Kisha nikasoma habari za Brogdale, huko Kent, Uingereza, ambako kuna mkusanyo wa taifa wa matunda wenye aina zaidi ya 2,000 za matufaa peke yake, mbali na mapeasi, plamsi na cheri. Mkusanyo ule haukuzaliwa pale. Ulianzia Chiswick, London, mwanzoni mwa karne ya 19, ukapitia Wisley, ukafika Brogdale mwaka 1952. Karibu na mwaka 1990 serikali iliamua kukifunga kituo cha utafiti kilichokuwa kikiutunza, na shirika la hisani likaubeba. Mwaka 2008 kazi ya kitaalamu ikakabidhiwa Chuo Kikuu cha Reading. Kwa mpangilio huo ardhi ina mwenyewe, miti ni ya wizara, utunzaji ni wa chuo, na wageni wanapokewa na chombo kingine. Katika mabadiliko yote hayo walikuwepo watu wa kujitolea, wapenda matunda wa kawaida kama sisi, wakiongoza wageni na kupiga kelele kila palipohitaji kelele.

Mkusanyo uliohama mara mbili haukuhama kwa kung'oa mashina ya miaka 40. Kinachosafiri ni vikonyo na daftari. Wale walio pale leo ni vitukuu vya Chiswick.

Basi tazama kazi yenyewe ilivyo ndogo. Kikonyo cha tufaa au peasi hukatwa miezi ya baridi na ukavu, Juni hadi Agosti, mti ukiwa umelala au umepunguza kasi. Unene ni wa penseli, macho matatu au manne. Unakifunga kwenye gazeti lenye unyevu, unatia kwenye nailoni, na mahali pa ubaridi kitasubiri hata wiki kadhaa. Parachichi haina subira hiyo: unakata asubuhi, unabebesha siku ile ile au kesho yake. Mche wa kienyeji ulioota kutoka kokwa unakatwa kichwa, unapasuliwa katikati kama sentimita tatu, kikonyo kinachongwa kama kabari na kusukumwa ndani mpaka ganda liguse ganda, angalau upande mmoja. Utepe wa nailoni, kisha mfuko mwembamba juu wa kuzuia kikonyo kisikauke. Kijana wetu wa bodaboda hufanya hivyo kwa muda mfupi kuliko mimi ninavyovaa miwani.

Agosti iliyopita tulijaribu kwa aina sita, kila aina miche minne. Tufaa moja lilishika yote manne. Plamsi za njano, tulizoweka juu ya shina la fyulisi, zilishika tatu. Peasi la mstari wa pili lilitukatalia kabisa, na mpaka sasa liko katika mti mmoja tu, mzee, wenye shimo la ndege kifuani. Huo ndio mti unaoninyima usingizi.

Udhaifu wa njia hii ni mkubwa, na vijana wetu hawausemi vya kutosha. Kiunga cha mtu ni cha mtu. Bibi mmoja kwenye kikundi chetu alipewa miche miwili ya fyulisi la zamani. Mwanawe alirudi kutoka Dar, akajenga banda la kuku, na mche mmoja ukawa nguzo ya wavu. Bibi alipokuja kutuambia alikuwa ameshika kile kijiti kilichokauka mkononi, akatuomba msamaha kwa Kinyakyusa kabla hajakaa. Hakukuwa na wa kumlaumu. Ndiyo sababu nakala moja si nakala. Ziwe tatu kwa kila aina, kwa kaya tatu zisizopakana, na mojawapo iwe sehemu ya taasisi: shule, parokia, au kituo cha utafiti kikikubali.

Kuna pia magonjwa. Kikonyo hubeba kilichomo ndani ya mti. Parachichi ina kimelea kidogo hata kuliko kirusi, kinachopita kwa kubebesha na kwa kisu, na mti waweza kukibeba miaka bila kuonyesha dalili. Kwa hiyo kisu kioshwe kwa dawa kati ya mti na mti, na mti wenye michirizi ya njano kwenye tunda au kwenye vijiti usiguswe mpaka mtaalamu auone. Tukisambaza aina tukasambaza na ugonjwa, majirani waliotupa nafasi kwenye viunga vyao ndio watakaolipa.

Zikiwekwa ubavu kwa ubavu

Kwa fedha, mkataba hauna gharama zaidi ya karatasi na mwanasheria mmoja wa kuusoma. Usajili wa halmashauri ni nauli na uvumilivu. Shirika kamili ni gharama ya kila mwaka isiyoisha. Vikonyo ni miche, nailoni, visu viwili vizuri na petroli ya pikipiki.

Kwa muda, vikonyo havingoji mtu. Mkataba unaweza kuandikwa Septemba au Oktoba, usajili hata mwakani, lakini msimu wa kukata matufaa ukipita umepita, na Novemba ni ya mvua na matrekta.

Kwa wageni na watoto wa shule, shamba moja halina mbadala. Wanaosema viunga vinatosha wakumbuke nyuso za wale wa darasa la tano walipoonja tufaa chungu la mstari wa kwanza kisha lile tamu la pembeni yake, wakabishana hadi kwenye gari.

Siku ya ugomvi, Mungu apishe mbali, aliye na mkataba ana cha kuonyesha na aliye na cheti ana pa kuandikia. Mwenye nakala tatu hana haja ya kugombana na mtu.

Ninavyochagua, na ningekushauri nini

Kama kikundi chako kina mwenye shamba anayesikiliza na miti mingi imara, anza na mkataba, lakini usiusaini bila kipengele cha vikonyo. Kama mwenye shamba hajulikani, au eneo linauzwa, acha vikao, kata vikonyo msimu huu huu kwa ruhusa yoyote utakayoipata, maana bila ruhusa ni wizi na utawafungia mlango wengine wote. Kama mna fedha za mfadhili zinazosubiri akaunti, jisajilini halmashauri, na shirika liacheni mpaka mpate mtu anayependa kuandika taarifa kama ninyi mnavyopenda miti.

Kwetu sisi ninapendekeza mpangilio, si njia moja. Vikonyo kwanza, mwezi huu, kwa barua fupi ya ruhusa ambayo uongozi mpya umeshasema hauna shida nayo. Mkataba uwe wa pili, kabla ya Novemba, tukienda na ramani na hoja ya Fuerte. Kikundi cha halmashauri kiwe cha tatu, tukishavuna viazi. Shirika hapana, si sasa.

Na kabla ya vyote hivyo, daftari. Kila mti una namba, lakini majina mengi yamo kichwani mwa mzee wetu mmoja aliyefanya kazi pale tangu kijana, na mwaka huu amefikisha miaka 84. Jumapili iliyopita nilienda kwake na kalamu. Tulikaa barazani, mkewe akaleta chai ya tangawizi, naye akafumba macho akaanza kutembea shambani kwa mdomo, mti kwa mti, kutoka getini. Alipofika mwisho wa mstari wa tatu nilimsimamisha, nikamtajia zile herufi nne za kwenye kibati. Alinyamaza muda mrefu. Akasema jina lake halisi hakuwahi kulisoma, ila wao vibarua waliliita "peasi la Krismasi", kwa sababu liliiva wakati wa Krismasi, na kwamba miaka mingi iliyopita aliwahi kukata kijiti chake akambebeshea shemeji yake huko Igoma.

Jumamosi tunakwenda Igoma. Geti la shamba tutalikuta Jumamosi inayofuata.